Mkaa wa Bi Marinda

Jina la dobi huyu la kuzaliwa watu walikuwa wameshalisahau. Mtaa mzima ulimwita Bi Marinda, kwa sababu sketi ya shule ikipita mikononi mwake, marinda yalisimama wima hata mtoto akiruka kamba kutwa. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, dirisha likitazama barabara. Meza yake ndefu ilitandikwa blanketi kuukuu, na juu yake ilikaa pasi ya mkaa, nzito kama jiwe la kusagia, yenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko. Pasi ya umeme alikuwa nayo pia, lakini umeme wa mtaa ule uliingia na kutoka bila kubisha hodi, naye hakuwa mtu wa kusubiri.

Siku moja alinunua gunia la mkaa lililopendeza kwa juu. Chini kulikuwa na mchanga, vumbi, na vipande ambavyo moto ulivionja tu ukaviacha. Alikuwa akinyoosha gauni jeupe la mkunga, mwanamke aliyewapokea watoto wake wote, pasi ikalia ta! na cheche ikachomoka kwenye tundu la ubavuni. Kabla hajaipangusa, ilikuwa imeshakula kitambaa, tena kifuani, mahali ambapo kila mtu huangalia kwanza.

Bi Marinda hakutafuta pa kujificha. Alilikunja gauni vizuri, akaenda nalo mwenyewe mpaka zahanati.

"Mwenzangu, nimekuunguzia gauni," alisema. "Nitakushonea jingine."

Mkunga akapitisha kidole kwenye tundu, akakichezesha upande wa pili. "Ungeniunguza mimi ningejipaka dawa. Hili nilipake nini?" Akacheka kidogo. "Haya, shona. Na hilo jipya utalinyoosha wewe, kwa hiyo tafuta mkaa wa kueleweka."

Alirudi nyumbani masikio yakimwaka kwa aibu, lakini alipofika mlangoni aibu ilikuwa imeshageuka kuwa mpango. Mumewe alikuwa seremala, karakana yake iko uani, na kila jioni mabaki ya mbao ngumu yalirundikana kwenye kona hadi mtu aje kuyaomba.

"Baba watoto, hayo mabaki usimpe mtu tena," alisema. "Nataka kuchoma mkaa wangu."

Seremala alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa kwanza. "Umewahi kuchoma mkaa?"

"Sijawahi. Kwani hii pasi nilizaliwa nayo mkononi?"

Mdogo wa seremala, kinyozi mwenye kibanda chake pembeni mwa nyumba, alikuwa ameketi kizingitini akingoja chai. "Shemeji, watu watasema nyumba inaungua."

"Waseme. Wewe si unawashika vichwa kutwa? Waelezee."

Seremala akatafuta pipa la chuma, akalitoboa matundu chini, akalipandisha juu ya matofali mbali na ukuta. Bi Marinda akalijaza mbao, akawasha, akaona moto unavyopendeza, akauacha upendeze. Kufunika alikumbuka wakati pipa limeshakuwa jekundu ubavuni. Aliambulia jivu, laini na jeupe, la kusugulia masufuria.

Akajaribu tena, safari hii akiwahi kuziba. Akapata vijinga: nje vyeusi, ndani mbao tupu, vinatoa moshi wa kukutoa machozi. Tena alikuwa amechanganya mbao laini, ngumu, na vipande vya kabati la zamani lenye vanishi, na harufu yake ilikaa uani kama mgeni asiyeaga. Kinyozi alicheka akashika mbavu. Bi Marinda alivunja vile vijinga kimoja kimoja, akavitazama katikati.

Baada ya hapo akaanza kuchagua mbao kama anavyochagua nguo: nyeupe kwake, ya rangi kwake. Mbao ngumu peke yake, kavu, zisizo na rangi wala gundi, na seremala akazikata zikalingana unene ili ziive pamoja. Akasubiri siku isiyo na nguo kambani na upepo ukielekea upande wa uwanja mtupu. Akawasha, akavuta kigoda, akakaa kutazama moshi. Kwanza ulitoka mzito na mweupe. Hayo yalikuwa maji ya mbao. Akaubana moto kwa kifuniko, akabakiza upenyo. Moshi ukapungua, ukawa mwembamba wenye rangi ya buluu, kisha ukakaribia kutoonekana. Hapo akaziba kila tundu kwa udongo mbichi, juu na chini, akanawa mikono.

"Sasa asiguse mtu," alisema. "Mpaka pipa lipoe kabisa."

Kinyozi hakuweza kuvumilia. Dobi alipokwenda kupeleka nguo za watu, yeye akainua kifuniko achungulie. Hewa ikaingia, na mkaa uliokuwa umelala ukaamka wote kwa pamoja. Bi Marinda aliporudi alimkuta shemeji yake amesimama uani, nyusi nusu zimeungua, anarushia udongo pipa lililojaa makaa mekundu.

Akamkagua mikono, akaona ni mizima.

"Nyusi zitaota," alisema kwa upole. "Mbao nyingine utazipanga wewe, moja moja. Na shati lako jeupe la sikukuu niletee. Mkaa ukiiva nitaujaribu kwa hilo."

Kinyozi alizipanga. Pipa likawashwa, likazibwa, likaachwa mpaka mtu aliweza kuliegemea. Lilipofunguliwa, vipande vilikuwa vizima, vyeusi vya kung'aa, na umbo la mbao bado linaonekana. Bi Marinda alivigonganisha viwili, vikalia kama vigae. Akajaza pasi, akapuliza. Mkaa ukashika taratibu, bila moshi, bila kutema hata cheche moja. Akalitandika shati la shemeji yake mezani, naye mwenye shati akageukia ukutani.

"Geuka," alisema Bi Marinda. "Limeshanyooka."

Habari zilienea upesi, kwa kuwa kinyozi sasa alizisimulia kwa kila kichwa alichokishika, na katika masimulizi yake mchango wake uliendelea kukua. Mkunga alileta gauni jipya aliloshonewa, halafu magauni ya wenzake wa zamu. Fundi wa bati akaomba mkaa wa kuyeyushia risasi ya kuungia mabati, akapewa kidogo ajaribu, akarudi na pipa la pili begani. Bi Marinda akalizungushia macho, akaligonga ubavu kusikiliza kama lina ufa.

"Liweke pale, mbali na kamba," akamwambia. "Kesho upepo ukikaa vizuri, tunawasha yote mawili."