Blanketi la Kabatini

Kila asubuhi, pale Kingston, mama mkwe wa Merlene hulifuta kabati la vioo kwa ncha ya aproni, ufunguo ukining'inia kifuani. Humo amezifungia sahani zinazomngoja mchungaji na, kwa kiherehere chake, blanketi la kuzimia moto ambalo Merlene alilitundika kando ya jiko. "Kitu kizuri hivi kikae karibu na mafuta?" Ijumaa Kuu Merlene alikuwa akikaanga samaki, mafuta yakashika moto. "Mama, ufunguo!" Mama akaufumbata kwa mikono miwili. Ikabidi Merlene aufunike moto kwa sinia, vidole vikababuka, dari likawa jeusi tii. Mama akalikagua blanketi kupitia kioo, akashusha pumzi. "Unaona, mwanangu? Ningekusikiliza wewe, leo lingeungua."