Jina la Makombo kwenye Ukosi wa Murielle

Jeannine wa mtaa wetu wa Rosettenville ni fundi cherehani, na cherehani yake ikianza kuimba, hata robot ya kona, taa ya kuongoza magari, husahau kubadilika. Anayebisha hajawahi kupita pale.

Kila baada ya sikukuu ya kanisa alikusanya makombo ya fufu na samaki, akawapelekea wanaolala nje Hillbrow. Basi mwaka huu tukawa tunachagua mwenyekiti wa kanisa. Papa Octave alikitaka kiti, Jeannine naye akathubutu kugombea. Octave akapanda mimbarini: "Huyo na watu wake ni Makombo! Nikishinda, nawafukuza wote kwenye kwaya."

Watu wakacheka. Jeannine akaja kwangu analia. Tangu atoke Bukavu, wanakwaya ndio ndugu pekee aliobaki nao.

Dawa tulipewa na mjukuu wangu Arlène, anayesoma chuo kule Doornfontein. "Koko, Waingereza nao waligombana hivi, miaka zaidi ya mia tatu sasa. Mrithi wa mfalme alikuwa Mkatoliki, wengine hawamtaki. Hao wakaitwa Whig, jina la Waskoti waasi. Nao wakawaita wenzao Tory, jina la majambazi wa Ireland. Matusi matupu! Lakini waliotukanwa wakayavaa, vyama vikabaki na majina hayo."

"Wakayavaa?" Jeannine akafuta machozi. "Mwenye kuvalisha watu si mimi?"

Sare mpya za kwaya zilikuwa mezani kwake. Nyuma ya kila ukosi akatarizi kwa uzi mwekundu: MAKOMBO. Akazigawa siku ya kura yenyewe, kengele inalia, nani ageuze ukosi?

Kwetu kura ni kupanga mstari nyuma ya umtakaye. Murielle, mke wa Octave, mwanakwaya naye, akawa wa kwanza nyuma ya mumewe na sare yake mpya. Aliyemfuata akasoma ukosi wake, akapasua kicheko. "Papa Octave, kombo lako hili hapa!"

Octave akageuka, akamzungusha mkewe, akasoma. Moshi ukamtoka masikioni, nimeuona mimi. "Toka kwenye mstari wangu!"

"Mimi, Octave? Mbele za watu?" Murielle akavuka kwa Jeannine, na dada zake wanne nyuma yake.

Octave akashindwa kwa kura tatu.

Kwenye karamu mwenyekiti mpya alipakua mwenyewe. Zamu ya Octave ilipofika, sufuria lilikuwa limebaki ukoko na kichwa cha samaki. Jeannine akamwekea vyote, akapiga goti kwa heshima.

"Karibu, Papa. Vya kwetu hivyo."

Akavila.