Swali Alilokwenda Nalo Swichi

Dada yangu mkubwa tunamwita Swichi, kwa sababu maisha yake ya kazi yote aliyamaliza kwenye swichibodi ya hospitali, akiunganisha simu. Ukitaka wodi ya wazazi, unampata yeye. Ukikosea namba, unampata yeye tena, na siku hiyo hutaisahau. Uzuri wa familia nilichukua mimi, wapwa zangu, hilo halina ubishi, lakini sauti alichukua yeye.

Alipostaafu tulidhani atatulia. Atulie wapi! Alinipigia simu asubuhi, mchana na jioni kuuliza kama simu yangu inafanya kazi. Nikashukuru sana alipojiunga na kikundi cha wazee wa kujitolea pale kliniki. Kazi yao ni kuwatembelea wazee wenzao walioelemewa na upweke, wakae nao, wawasikilize. Nesi anayewasimamia aliwafundisha mambo ya maana: usihubiri, usijifanye unajua dawa ya kila kitu, na mtu akinyamaza mwache anyamaze.

Hilo la mwisho lilimshinda dada. Kwenye swichibodi, kimya maana yake laini imekatika. Basi mtu aliyekaa mbele yake akivuta pumzi tu, yeye: "Haloo? Upo?" Nesi alicheka mpaka akafuta machozi, lakini alimwonya.

Mtu wake wa kila Jumatano alikuwa Mzee Rangi, fundi wa kupaka rangi, mgane, aliyeacha kazi mikono ilipoanza kutetemeka. Namjua vizuri. Alinipakia rangi mlango wangu, na mpaka leo mimi na yeye tukikutana lazima tuubishanie. Mchoyo wa vifaa! Ukiigusa brashi yake ni kama umemgusa mke.

Jumatano moja mchana dada akaingia kwangu ana furaha, brashi ya Mzee Rangi mkononi.

"Kanizawadia! Mzee amefunguka, mdogo wangu."

"Anakuchumbia huyo," nikasema. "Wengine huleta pete."

"Mwone! Domo kama bomba bovu."

Tukacheka. Nami, kwa kunogesha tu, nikaongeza, "Siku hizi mkono umemlegea kweli. Ngazi kampa jirani, na redio kampa kinyozi wangu."

Dada akaacha kucheka. "Redio ile ya marehemu mkewe?"

"Hiyohiyo. Kinyozi ananiringishia nayo."

Akakaa. "Nesi alituambia. Mzee akianza kugawa vitu anavyovipenda, msifurahi haraka." Akashika kichwa. "Na leo aliniambia, 'Mimi naona kazi imeisha.' Halafu akanyamaza. Nami nikamrukia! Nikamwambia kazi haziishi, nikaanza kumsimulia mjukuu wangu anavyoimba. Alikuwa anataka kusema kitu, nikamfunika."

Akampigia mzee. Simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Akampigia nesi, naye hakuzunguka: "Nenda sasa hivi, usiende peke yako. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Mimi nakuja."

Njiani dada alitembea mbio, mimi na kitambi changu nyuma.

"Na kama sijui kuuliza? Na kama ndiyo namtia wazo?"

"Nesi kakwambiaje?"

"Kuuliza hakumtii mtu wazo. Kasema hivyo darasani." Akaongeza mwendo. "Darasani ni rahisi!"

Mlango ulikuwa umefungwa. Dada akabisha hodi, hakuna jibu. Akabisha kwa viganja vyote viwili. Mimi nilianza kuukagua mlango, niuvunje kwa bega lipi. Ndipo kitasa kikazunguka.

Mzee Rangi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Chumba kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa, ukutani misumari mitupu.

"Na wewe umefuata nini?" akaniuliza. "Mlango wako tena?"

"Unabanduka, fundi."

Hakucheka, na siku zote hapo ndipo hunitukana. Dada akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mzee mwenzangu, nakuuliza, na jibu lolote nitalipokea. Unafikiria kujiua?"

Kimya. Bomba la uani lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo. Niliona midomo ya dada ikifunguka, lile "haloo" limefika kwenye meno. Akauma mdomo, akashika kiti kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe nilitamani kukohoa, kupiga mluzi, kutaja mpira, chochote. Maji yakadondoka, yakadondoka.

"Ndiyo," akasema Mzee Rangi.

Dada akaitikia kwa kichwa, akangoja.

"Asubuhi ndiyo mbaya. Naamka, navaa nguo za kazi, halafu nakaa hapa. Sina ukuta wa kwenda." Akajitazama mikono. "Mchana nilitaka kukwambia. Ukaja na mjukuu."

"Nisamehe. Sasa niko hapa, niambie."

Akamwambia. Yaliyosemwa humo ni yao, siyaandiki. Nesi alipofika akamkuta mzee analia, na dada amemshika mkono. Walizungumza watatu, binti wa mzee akapigiwa simu, wakakubaliana mzee aende kliniki na nesi saa hiyohiyo, na binti amkute hukohuko, asilale peke yake.

Akiwa anavaa viatu, mzee akamuuliza dada, "Jumatano utakuja?"

"Kesho nitakuja."

"Kesho si siku yako."

"Nitakuja kesho."

Mzee na nesi wakashika njia. Dada akajiegemeza kwenye bega langu.

"Na kama nisingepita kwako?" akasema. "Niongeleshe, mdogo wangu. Upuuzi wowote ule."

Upuuzi ninao mwingi, wapwa zangu, mnajua. Siku hiyo haukutoka. Tukasimama pale tukimtazama mzee mpaka akakata kona.