Mikono ya Dalenda Yatulia Tena

Saa mbili asubuhi, mjini Sfax, Tunisia. Dalenda Gharsalli anafuta miwani kwa ncha ya mtandio wake, anainamia hadubini na kushika kibano. Chini ya lenzi kipo kichakataji cha mtambo wa simu, kipande cheusi chenye ukubwa wa biskuti. Upande wake wa chini umejaa mamia ya vitone vya lehemu, vidogo kuliko ufuta. Anakigeuza na kukiweka mahali pake kwenye bodi.

"Tazama," anasema, akiinua kibano hewani. Ncha yake haitikisiki. "Majira ya baridi ungenikuta nimeuficha mkono huu mfukoni."

Dalenda, mwenye umri wa miaka 49, ni fundi katika karakana inayofufua bodi za mitambo ya simu na intaneti. Wagonjwa wake wakubwa ni vichakataji hivi vyenye viini vingi ndani ya kipande kimoja.

"Watu hudhani mle mna ubongo mmoja," anasema. "Mna bongo kadhaa zimebanana. Mmoja unapitisha simu, mwingine intaneti, mwingine unafukuza wezi wa mtandaoni. Ni jiko la mgahawa mwezi wa Ramadhani. Wapishi wawili wakigoma, adhana inalia na mezani hakuna kitu."

Mikono ilianza kutetemeka msimu wa kuvuna zeituni. Mwanzoni alisingizia kahawa. Kisha akaanza kukonda, na moyo ukawa unamwenda mbio hata akiwa amekaa.

Hakumwambia mtu, kwa sababu alikuwa amekwisha kuiona mikono ya aina hiyo. Baba yake, fundi viatu, alianza hivyo hivyo. Alimaliza maisha yake akilishwa kwa kijiko.

"Nilijua zamu yangu imefika," anasema.

Ridha Ben Hamida, mwenzake wa meza ya pili, alimwona akishika kikombe kwa mikono miwili. "Bi Dalenda, hiyo kahawa unakunywa au unamwagilia maua?" alimtania. Dalenda alicheka, kisha akaenda chooni kulia.

Januari, dhoruba ilipopita, feri ilileta bodi kutoka visiwa vya Kerkennah ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Visiwani simu zilikuwa kimya. Bodi ya akiba haikuwepo, na mpya kutoka ng'ambo ingechukua wiki kadhaa. Lehemu ilikuwa imepasuka chini ya kichakataji, na kila kilipopata joto nusu ya viini vyake vilizimika.

Kazi ilikuwa kukibandua, kukiwekea vitone vipya na kukirudisha. Kikikaa upande kidogo tu, bodi imekufa. Karakana nzima ilimtazama Dalenda. Alishika kibano, akakiweka chini.

"Ridha, siwezi."

"Huwezi nini? Umeamka na kisirani?"

"Mikono. Imekuwa kama ya baba."

Ridha alizima chuma chake cha lehemu. Kisha akavuta kiti chake. "Basi nipe macho yako. Mikono hii hapa."

"Vidole vyenyewe hivyo, kama soseji?"

"Soseji zisizotetemeka. Niongoze, mama."

Kazi ikaanza, Dalenda akitazama kwenye skrini ya hadubini na Ridha akishika kibano huku jasho likimtoka.

"Kushoto. Kidogo. Nimesema kidogo, Ridha, hatuendi Libya!"

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usipumue."

Hewa ya moto ya kuyeyusha lehemu ilipita, bodi ikapoa, wakaiwasha. Viini vikaamka kimoja baada ya kingine hadi vyote. Bodi iliporudi visiwani, Dalenda alipiga simu ya kujaribu. Ikapokelewa na bibi mmoja.

"Simu yako inasikika vizuri, bibi?"

"Inasikika! Hebu kata, mwanangu yuko Ufaransa na nimengoja simu yake tangu juzi!"

Karakana ilivunjika mbavu. Ridha hakucheka sana. "Bodi imepata wa kuipima," alimwambia. "Wewe je?" Kesho yake alimpeleka hospitali mwenyewe.

Daktari alipima damu na kumwambia ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Vidonge vingeituliza. Haukuwa ugonjwa wa baba yake.

"Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, akaniuliza kama masikio nayo yana shida," Dalenda anasema, na kucheka hadi anavua miwani.

Wiki kadhaa baadaye mikono ilitulia, na mwili ukaanza kurudi. Bado anameza vidonge kila asubuhi.

Binti yake, Ines, anaolewa Agosti. Wakati wa hofu, Dalenda alimshauri akodi gauni la dukani badala ya kungoja la kutariziwa na mama yake, wala hakumweleza kwa nini. Sasa shanga za fedha zimejaa bakuli nyumbani kwao, na Ijumaa Dalenda anaanza kutarizi kola ya gauni la harusi.

"Juzi Ines ameniuliza kama nina hakika nitaweza," anasema, akirudi kwenye hadubini. "Nimemwambia alete kitambaa."