Rekodi ya Swima ao ile ya kambi: munagombana, nami naleta yangu

Bakubwa ba humu mu groupe ya WhatsApp, jambo yenu.

Naandika vile ninaongeaka. Mwenye anataka kunisahihisha aanze na batoto bake. Masomo ya école nilitoka mapema, lakini hii duka ya pièces za moto, vipuri vya pikipiki, hapa Baraka nilijenga na mikono yangu, hakuna mutu alinisaidia. Kwa hiyo mutanisikiliza. Na sitasema uongo, ata pahali inaniuma.

Tangu juzi munagombana ju ya konsere za orkestre yetu Mutambala Success, rekodi gani iko kali kupita zote.

Mi ninajua kidogo. Kwa ile orkestre, mi njo nilikuwa napiga akompa, gita ya pili, ile yenye kumujibu solo.

Solo, gita ya kwanza, alikuwa Etabo.

Tuanze na ile tulipiga kule Nundu. Sauti za baimbaji ziko safi, lakini sebene, ile sehemu ya magita tu ya kucheza, ni fupi, ju jenerateri ilizimika. Musikilize mwisho: bamama banaendelea kuimba na makofi, bila siye. Nzuri. Lakini si namba moja.

Ya Swima, wengi munasema njo mwisho wa yote. Sebene ndefu mpaka mutu anasahau kama wimbo ulikuwa na maneno. Pale katikati kuko sauti inasema kintu, batu banacheka, na munaulizaka ni nini.

Ni Etabo. Kamba yangu ilikuwa imeregea, niko naikaza, nimechelewa kuingia. Yeye akapiga swali lake na gita, akangoja. Akapiga tena, akangoja. Kisha akasema kwa mikro: "Papa, unajibu ao nikalale?"

Nikamujibu na gita. Swima nzima ikaruka.

Njo vile alikuwa. Hakuendelea bila mimi ata siku moja.

Kisha vita. Etabo akavuka ziwa na familia yake, akafika kambi ya Tanzania. Mi nilibaki, ju mama yangu alikataa kupanda boti. Alisema: "Nitakufa nikiangalia mashamba ya Lubondja, si maji." Sikumuacha, na sijute.

Lakini tangu pale sikumuona Etabo tena. Namba yenye nilipewa haipite.

Sasa rekodi ya kambi, yenye Etabo alipiga kule Tanzania, ile mulituma humu. Mutu mumoja akaandika: "Muzee, ile ni takataka, gita inakatika kama réseau ya simu."

Mwanangu, nilikasirika mpaka nikafunga simu.

Kisha nikaifungua, palepale dukani, bakiliya banangoja. Etabo anapiga swali lake, ananyamaza. Anapiga tena, ananyamaza. Mama mumoja mwenye anauzishaka mawese pembeni yangu akauliza:

"Papa, simu imekufa?"

"Hapana, mama. Inaningojea."

Akaniangalia kama mutu wa malaria. "Basi ujibu," akasema, "na hawa bakiliya bako banangoja plaquettes za breki."

Bakubwa, ile gita haikatike. Ile ni nafasi yangu. Nilipima na kidole juu ya meza: urefu ni uleule wa Swima. Kule mbali, mbele ya batu benye hata hawanijue, jamaa aliniachia pahali pangu wazi.

Kwa hiyo namba moja ni ya kambi. Mubishe vile munataka.

Jumapili, kisha kanisa, nikashusha gita. Vidole vimekuwa vigumu, vyuma vya pikipiki vimeviharibu. Nikatia ekuter, kile kisikilizio cha simu, kwa sikio, nikasikiliza Etabo, nikapiga, binti yangu akarekodi na simu yake. Gita ya Etabo haimo. Ni majibu yangu tu. Iko hapa chini.

Mukisikia inanyamaza, musiseme simu ya muzee ni mbaya. Pale njo pa Etabo.

Yenye nimejifunza: mbele ya kuita rekodi takataka, uliza kwanza benye walikuwa pale.

Sasa leteni zenu, ya Nundu, ya Swima, yoyote, ata munitukane, nimezoea.

Lakini kama humu kuko mutu wa kambi, ao mwenye ana ndugu kule, amufikishie Etabo hii rekodi yangu. Amuambie nimechelewa kuingia. Nilikuwa nakaza kamba.