Mwani wa Sebuleni

Mume wangu alileta lile sanduku la kioo nyumbani bila kuniuliza. Mhandisi mmoja mgeni aliyefanya naye kazi mgodini alikuwa amemaliza mkataba wake, akamwachia kila kitu: kioo chenyewe, taa, pampu, mawe, konokono wachache, ndoo ya chumvi maalumu ya kuyafanya maji yawe kama ya bahari, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Sisi watu wa Kolwezi bahari tunaiona kwenye televisheni. Mume wangu ni fundi umeme, anatoka asubuhi na kurudi giza likiwa limeingia, kwa hiyo haikuchukua muda kazi ya kuwatunza samaki ikawa yangu, mimi ninayewahi kurudi kutoka ofisini.

Aliyewapenda zaidi wale samaki alikuwa baba mkwe wangu. Alikuja kwetu kutoka Mutshatsha baada ya kumzika mama mkwe. Maisha yake yote alifanya kazi ya reli, na kukaa bure hakukujua; alizunguka uani akitafuta cha kutengeneza, akifungua na kufunga geti ambalo halikuwa na ubovu wowote. Sanduku lilipofika, alisogeza kiti mbele yake akatulia. Nilimshukuru Mungu.

Kisha mwani ukaanza. Kwanza ulikuwa utando wa kijani kwenye kioo, nikaufuta kwa kitambaa. Baadaye zikaota nyuzi juu ya mawe, zikarefuka, zikayumba na maji. Binti zangu waliziita ndevu. Nilizing'oa kwa vidole, nikasugua mawe kwa mswaki, nikavuta uchafu kwa mpira wa maji hadi kwenye ndoo. Mikono yangu ilinuka hata kanisani. Wiki iliyofuata zilikuwa zimerudi, tena nene zaidi.

Nilimpigia simu yule mhandisi. Akasema nipunguze saa za taa, na niache maji ya bomba, ninunue yaliyochujwa. Nikafanya hivyo, lakini mwani ukarudi, nikampigia tena. Konokono waliotakiwa kuula mwani walikuwa wamekwisha kufa. Akasema huenda maji ya kwetu yana shaba, na konokono hawaivumilii hata kidogo. Halafu akauliza habari ya chakula.

"Nawapa kidogo tu, asubuhi," nikamwambia.

"Basi kuna mtu mwingine anawapa. Chakula kinachobaki kinaoza, na mwani unakula hicho."

Nikaenda kutazama kopo la chakula chao. Nilikuwa nimelifungua juzijuzi, na sasa lilikuwa karibu tupu.

Jioni nikamkabili mume wangu kabla hajavua viatu. "Ni weye njo unaongezaka chakula ya samaki?"

"Mi? Mi natokaka asubuhi, narudiaka giza imeshaingia. Nitabalisha saa ngapi?"

"Basi ni nani?"

"Uliza batoto. Ao tupa ile kitu inje, tukae mu amani!"

Watoto walikana, mdogo akilia. Siku zile tulikula bukari, ugali wetu, kila mmoja akiangalia sahani yake.

Mhandisi alikuwa amenipa dawa ya mwisho: nifunike sanduku kwa blanketi siku kadhaa, mwani ufe kwa kukosa mwanga, lakini pampu isizimwe, maana mwani unaokufa unamaliza hewa ya maji. Nikafunika. Nikamwambia kila mtu asiguse.

Kesho yake nikiwa ofisini umeme ulikatika mji mzima. Nilifikiria pampu, nikaomba ruhusa, nikapanda pikipiki hadi nyumbani.

Blanketi lilikuwa chini. Baba mkwe alisimama mbele ya sanduku na kopo mkononi. Nikasimama mlangoni. Akanyunyiza chakula, akafunga kopo, akaliweka juu ya kabati, akaketi. Akatazama samaki kwa muda. Kisha akainuka, akachukua kopo, akalifungua tena.

"Tata," nikamwita, yaani baba.

Akageuka, uso umejaa furaha. "Ah, mama, umerudia! Hizi samaki habajakula hata kidogo tangu asubuhi. Mi njo nabapatia sasa."

Mzee hakuwa akinidanganya.

Lakini samaki walikuwa juu kabisa ya maji, midomo wazi, wakihema. Nikachukua jagi, nikachota maji, nikayamwaga kutoka juu ili yaingize hewa. Nikampa na yeye kikombe. "Tata, unisaidie. Chota, mwaga. Usiachilie." Akafanya bila kuuliza. Tulichota na kumwaga, maji ya chumvi yakiloweka mikono yetu na sakafu, mpaka mabega yangu yakawaka. Samaki mmoja alilala ubavu mbele ya macho yetu. Umeme ulipowaka na pampu kunguruma, alibaki mmoja.

Nilipomwambia mume wangu kwamba baba yake anasahau, alinikatalia waziwazi. "Tata yangu haiko mugonjwa. Anazeeka tu."

Jumapili nilimwomba abaki sebuleni na baba yake, akisoma gazeti, nikaenda misa na watoto. Niliporudi gazeti lilikuwa bado limekunjwa. Alikuwa amekaa mkono wake ukiwa juu ya goti la baba yake, macho mekundu. Wiki hiyo tulimpeleka mzee hospitali. Daktari alisema ugonjwa wa kusahau hauponi, ila tunaweza kuishi nao vizuri.

Kopo la chakula sasa linakaa ndani ya mkoba wangu. Siku za kwanza mzee alilitafuta, akahangaika, akafungua kabati zote akisema samaki atakufa kwa njaa, na mimi niliumia. Kisha nikamkatia kipande cha kadi ya zamani ya plastiki, nikamwonyesha jinsi ya kukwangua kioo kwa ndani bila kugusa mawe. Kazi ile aliishika mara moja. Anakunja shati, anakwangua kutoka juu kwenda chini, ananawa, anaketi. Baada ya muda anainuka na kuanza upya, na safari hii hakuna kinachoharibika. Ndevu zimepungua, mawe yanaonekana rangi yake.

Jana nilipoingia kutoka kazini alinionyesha kioo. "Mama, angalia. Hakuna mutu alikuwa anapangusa hii. Ni mi leo."

"Aksanti, tata," nikamwambia, nikamletea taulo akaushe mikono.