Mama wa Kati ya Matrela

Mimi ni mtu nisiyeweza kukaa. Hata kanisani wananikalisha karibu na mlango, nikitoka nisisumbue watu. Labda ndiyo maana nilipoanza kujitolea hapa Malaba, kuzungukia nyumba zenye watu wanaougua akili, sikuchoka upesi kama wenzangu. Aliyenichosha ni mmoja tu, mama mmoja asiyetulia kunishinda.

Alitembea katikati ya matrela yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda, leso kichwani, akiyapiga magurudumu kwa kiganja na kuyakemea. Madereva waliomjua walishuka kwanza kumtafuta kabla ya kuwasha injini. Lakini kila siku huja dereva mgeni, naye atajuaje kwamba mbele ya bampa yake kuna mtu? Kila niliposikia breki zikilia barabarani, nilitoka mbio kwenda kutazama. Niliogopa kwamba siku moja nitaitwa kumwokota.

Nilimuuliza kwa Kiteso, lugha ya pande zote mbili za mpaka, kwao ni wapi. Akanyoosha kidole kuelekea daraja la mpakani. Basi, nikasema, ni wa ng'ambo. Nikampigia simu mwenzangu wa upande ule, anayefanya kazi kama yangu, nikamshika mama mkono tukavuka. Nilirudi nikiwa na furaha mpaka nikajinunulia soda.

Hazikupita siku nyingi, huyo hapa tena. Safari hii ameletwa kwa bodaboda, na mwenzangu yuko nyuma amemshikilia asianguke.

"Nyabo, dada yangu, huyu ni wenu," akaniambia. "Nimemuuliza mwenyewe. Ameonyesha huku."

"Huku wapi? Si mimi alinionyesha kwako!"

Tukageuka kumuuliza mwenyewe. Alikuwa ameshaondoka, yuko kwa matrela.

Hivyo ndivyo tulivyomzungusha, watu wawili wenye roho nzuri, kila mmoja akimrudisha kwao. Mpaka siku moja, trela lilipokuwa likirudi nyuma, likamkwaruza bega. Dereva alishuka, akakaa chini kwenye vumbi akalia. Mimi nilipandwa na hasira nisijue nimkasirikie nani. Nikamnyanyua mama, nikampandisha boda, moja kwa moja hadi kliniki.

Nesi alimsafisha kidonda, akakaa naye kwa muda, kisha akaniambia kwamba sindano ya kila mwezi ya kutuliza akili ingemsaidia. Lakini hakutaka kumdunga leo halafu apotee.

"Mwenye mgonjwa ni nani?" akauliza. "Nataka mtu wa kumleta mwezi ujao, na ule mwingine. Bila hivyo, mimi namwanzishia nini?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikaanza kujieleza. Huyu hajulikani kama ni wa huku au wa kule. Sisi kazi yetu ni kutembelea watu tu. Nina wagonjwa wengine, nina watoto, nina mihogo shambani inaliwa na fuko. Yote hayo niliyasema nikienda dirishani na kurudi mlangoni. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, bandeji begani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yeye ndiye aliyetulia na mimi ndiye niliyezunguka, na macho yake yalikuwa yananifuata.

Nesi aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Akachutama mbele ya mama, akamuuliza kwa Kiteso chake cha kuungaunga, "Mama, kwenu ni wapi?"

Nusura nicheke. Nilijua atakachojibiwa, na nikageuka kutazama dirishani nione leo itakuwa upande gani. Nilipogeuka tena, mkono wa mama ulikuwa umeshainuka. Kidole kilinielekea. Nikasogea kando nisimzibie anachoonyesha. Kidole kikasogea nami. Nikarudi nilipokuwa, nacho kikarudi. Nikatazama nyuma yangu. Palikuwa na ukuta tu.

Nikaenda nikaketi kwenye benchi karibu naye, na nesi akaondoka kwenda kutafuta sindano.